Anasema Anakuja

Kabla jina lake halijaanza kuandikwa kwenye bajaji na vibanda vya chipsi, Waisiko Machage alikuwa akisajili laini za simu chini ya mwavuli pale Nyamongo, jirani na kijiwe cha bodaboda. Aliimba akimsubiri mteja aweke kidole kwenye mashine. Aliimba mtandao ukisumbua. Wachimbaji waliotoka maduarani, yale mashimo ya dhahabu, vumbi la mawe limewajaa kwenye kope, walisimama kumsikiliza hata kama laini zao zilikuwa nzima, na kina mama wauza ndizi walimwambia, "Wewe msichana, sauti hiyo itakufikisha mahali."

Kuimba alikuwa amejifunza kwenye kwaya ya kanisa kule Kewanja alikozaliwa. Huko ndiko alikoanza kutunga, na huko ndiko kutunga kulikomponza. Sikukuu moja ya wanawake aliongeza ubeti kuhusu mzee wa kanisa anayempiga mkewe akitoka kusali. Hakutaja jina, lakini vichwa vyote viligeukia benchi moja. Mwalimu wa kwaya akamwomba apumzike kidogo, na mapumziko hayo hayakuisha.

Ndipo akaanza kwenda kwa Joel. Joel alikuwa fundi spika aliyejigeuza prodyuza. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la chaja na kava za simu, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlango umezibwa kwa godoro. Ndani mlikuwa na joto la kuoka mkate na feni moja. Feni hiyo ndiyo iliyomleta Mogesi.

Mogesi alikuwa kijana wa Kemambo, mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni. Alikuwa mchimbaji kwenye duara la mtu mmoja aliyeitwa Heche, na zamu yake ikiisha alikuja kukaa chini ya feni ya Joel, akinyoosha miguu kama yuko kwake. Siku moja Waisiko alikuwa anarekodi wimbo wa mapenzi. Msichana anaita, "Uko wapi?" na mvulana anatakiwa kujibu, "Nakuja." Mvulana aliyeahidi kuimba hakutokea. Joel akamtazama Mogesi, akamwita kama vijana wa Kikurya wanavyoitana.

"Mura, njoo useme neno moja tu."

Lilikuwa neno moja, lakini lilimtoa Joel jasho. Kila Waisiko alipoita, Mogesi alichelewa. Mdundo ulikuwa umeshapita ndipo yeye anaingia, kwa sauti nzito yenye tabasamu ndani yake: nakuja. Joel alimrudisha, akamrudisha tena, mwisho akavua spika za masikioni akacheka.

"Acha hivyo hivyo. Hata watu wanaokuja kweli huwa wanachelewa."

Wimbo ule haukwenda popote. Ulichezwa kwenye saluni ya dada yake Joel na kwenye simu ya Mogesi mwenyewe, basi.

Masika yaliyofuata, mvua ilinyesha hadi njia za Nyamongo zikawa uji mwekundu, na duara la Heche likashuka. Wachimbaji wanasema duara limeshuka, kama vile ni mtu aliyeamua kukaa chini. Kifusi kiliwafukia waliokuwemo. Wengine walitolewa wazima, wengine walitolewa wamefunikwa mashuka, na Mogesi hakutolewa kabisa. Siku ya kwanza watu waliolaza masikio ardhini walisema wanasikia mtu anagonga mwamba. Wakachimba kwa mikono, kwa sururu, kwa mashine ya kuazima. Maji yakawa yanapanda kuliko walivyoweza kuyavuta. Baadaye aliyelaza sikio akainuka, akajifuta tope shavuni, na kila mtu akaelewa. Heche alikuwa ameshavuka mpaka wa Sirari kwenda kwa ndugu zake.

Waisiko alikuwepo. Alisimama kwenye kifusi na wengine, na wanaume walipoinama mdomoni mwa shimo wakiita, "Mogesi! Mogesi, uko wapi?" alihisi nywele zinamsimama, kwa sababu hilo lilikuwa swali lake, lile aliloliimba mbele ya feni. Akajikuta anasubiri jibu. Alijua kabisa litachelewa kwa kiasi gani.

Alirudi studio na nguo zake za matope. "Nataka tuuimbe upya," akamwambia Joel. "Maneno mengine. Anayeita awe mama, na anayeitwa awe chini."

"Na anayejibu?"

Wakatazamana. Joel akawasha kompyuta, akatafuta, na ile sauti ikajaa chumba. Joel alilia waziwazi, kama mtoto. Kisha wakaichukua, wakaiweka kwenye wimbo mpya pale pale palipokuwa pake, imechelewa vile vile. Waliona wanamheshimu. Waliona ndiyo njia ya kutomwacha peke yake kule chini. Kwamba Mogesi ana mama, walilijua; Waisiko alikuwa amemwona msibani kwa mbali, kanga imemfunika hadi machoni. Kwenda kumwuliza hakukumjia mtu kichwani.

Wimbo ule uliitwa "Nakuja," na ndio uliomfanya Waisiko kuwa Waisiko. Uliruka kutoka simu hadi simu. Bodaboda waliufungulia tangu alfajiri, redio za Musoma na Mwanza zikaupiga, kisha Dar es Salaam, kisha madereva wa malori wakauvusha Sirari hadi Migori na Kisii. Watu wasiowahi kuona duara walilia wakiusikia. Shirika moja dogo lililokuwa na ofisi Tarime mjini likamtafuta. Mwanamke aliyeliongoza, Teresia, alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vya kutembelea mashambani. "Wewe una wimbo, mimi nina madai," alisema. "Maduara yaliyoachwa yafukiwe. Tufanye kazi pamoja." Wakafanya. Waisiko alisimama kwenye mikutano ya vijiji, akaenda Dodoma kuzungumza mbele ya watu wenye tai, akatunga wimbo mwingine dhidi ya kukeketa wasichana, uliomletea matusi mengi ya simu na mabinti wengi waliotaka kumshika mkono. Wazee fulani wa ukoo wake walisema ameuza mila. Mama yake mzazi alisema, "Waache. Mimi nilishikiliwa na wanawake wanne, najua unachoimba."

Basi akawa na jina. Lakini kila jukwaa, hata alipokuja na nyimbo mpya, watu walitaka ule mmoja. Na kila alipouimba, pale anapoita, "Uko wapi?" Joel alibonyeza, na Mogesi akajibu kutoka kwenye spika kubwa kuliko duara lililomfukia.

Jambo la kwanza lilitokea Mugumu, huko Serengeti, mchana wa jua kali. Ilikuwa sherehe ya mabinti waliokimbia kukeketwa msimu ule, na uwanja ulijaa. Waisiko alikuwa katikati ya "Nakuja" jenereta ilipozima. Spika zikafa, kompyuta ya Joel ikawa nyeusi. Watu hawakujali, wakaendelea wenyewe kwa makofi. Waisiko akacheka, akainua mkono, akaita kwa sauti yake tupu, "Uko wapi?"

Uwanja mzima ukajibu: nakuja!

Kisha, umati ukiwa umeshanyamaza ukimsubiri aendelee, sauti moja ikajibu kwa kuchelewa. Nzito, yenye tabasamu ndani yake. Ilitoka upande wa nyuma, kulikokuwa na nyasi na miti michache ya miiba na hakuna mtu.

Waisiko alimgeukia Joel. Joel alikuwa ameinua mikono yake yote miwili mbali na kompyuta, kama mtu anayeonyesha hajagusa kitu. Walipokuwa njiani kurudi alisema ni mwangwi.

"Mwangwi wa nini, Joel? Uwanja ule una ukuta gani?"

Joel alinyoosha mkono akafunga redio. Tangu siku hiyo hakukaa tena studio peke yake. Alimlipa kijana wa duka la chaja soda ili akae mlangoni.

Haukupita muda mrefu, mwanamke mmoja alifika Nyamongo nyumbani kwa Waisiko mchana, ameshushwa na bodaboda. Bodaboda yenyewe ilikuwa inapiga wimbo ule ule, na dereva alipoondoka nao, mwanamke alibaki amesimama getini akiusikiliza unavyopotelea barabarani, hadi ukaisha. Ndipo akabisha hodi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kandambili mpya, na mkononi alikuwa na kuku amefungwa miguu.

"Shikamoo, mama," Waisiko alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Bernadetha. Mimi ni mama yake Mogesi."

Waisiko alipokea kuku kwa mikono miwili, akakosa pa kumweka. Alimkaribisha sebuleni, akamletea soda, akaanza kuzungumza haraka haraka: jinsi wimbo ulivyofika mbali, jinsi watu wanavyoitikia sauti ya Mogesi hata Songea, jinsi viongozi walivyoanza kusikia. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Hakuigusa soda.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema. "Anasema anakuja. Nataka kujua anakuja lini."

Waisiko alifikiri hakusikia vizuri.

"Mimi nakaa Kemambo, barabarani," Bernadetha aliendelea, taratibu, kama anayemweleza daktari. "Bodaboda zinapita. Kila zikipita, mwanangu anasema anakuja. Mwanzo nilijua ni redio. Mimi si mjinga. Lakini ni sauti yake, na mimi ndiye niliyemfundisha kusema neno hilo. Basi nikawa nasimama. Nikawa naweka ugali pembeni. Halafu mbwa akaanza. Tuna mbwa, alikuwa wa Mogesi. Wimbo ukipita, mbwa anakimbia hadi barabarani, anaruka-ruka, anatikisa mkia, halafu anarudi nyumbani anatembea taratibu, ameinua kichwa, hivi, kama anatembea na mtu. Anafika mlangoni anasimama. Ananitazama mimi. Anangoja nimfungulie mtu."

"Na wewe unafanyaje, mama?"

"Nafungua. Wewe ungefanyaje?"

Nje, kuku wa jirani walikuwa wanaparua.

"Nafungua, lakini haingii. Sijui kwa nini haingii. Nimemwuliza katekista, akasema niombe rozari. Nimemwuliza mzee mmoja wa kwetu, akasema mtu asiyezikwa hana pa kukaa, na nyinyi kila siku mnamwita. Mmemwita, mwanangu, lakini hamkumwambia aende wapi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Waisiko angejua la kufanya, matusi alishayazoea. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu, akamshika mama miguu, akasema, "Nisamehe. Nilipaswa kuja kwako kwanza. Nitaitoa sauti yake."

"Ukiweza," alisema Bernadetha.

Hakuweza. Joel alitengeneza wimbo upya bila ile sauti, akaweka kinanda palipokuwa pake, wakautoa. Watu wakaukataa. Wimbo umekufa, waliandika, rudisheni jamaa. Redio ziliendelea na ule wa zamani, na simu kutoka Sirari hadi mwisho wa nchi zilikuwa nao tumboni. Waisiko alizunguka mwenyewe kwenye vijiwe vya Nyamongo akiwabembeleza bodaboda wasiupige wanapokwenda Kemambo. Walimheshimu, walikubali. Halafu dereva mgeni angepita.

Naye hakuwa mzima tena. Alikuwa akioga, akipika, akisuka nywele saluni, na wimbo wowote wenye mdundo ule ukipita nje, mwili wake ulisimama wenyewe kusubiri. Mdundo ulipopita bila ile sauti kujibu, alishukuru. Mara nyingine ilijibu.

Wakati huo huo, madai ya Teresia yalikuwa yanaiva. Mtoto wa shule, msichana aliyekuwa akifuata mbuzi, alitumbukia kwenye shimo lililoachwa karibu na lile la Heche, akafa. Waisiko alikwenda msibani. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema subirini. Amri ikatoka: maduara yote yasiyotumika upande ule yafukiwe. Teresia akampigia simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Tumeshinda, Waisiko. Na wewe ndiye utakayeimba siku hiyo. Wataanza na lile la Heche."

Waisiko alikaa kwenye kochi na simu mkononi hata baada ya Teresia kukata. Hilo ndilo alilokuwa akiliimbia miaka yote hii. Alikuwa amezunguka nchi akiwaambia watu wafukie mashimo, na shimo la kwanza lilikuwa na mtu anayesema anakuja.

Asubuhi ya siku hiyo Teresia alimpigia tena. Mashine zimefika, mahema yamefungwa, na kuna mwanamke amekaa ukingoni mwa shimo amegoma kuondoka. Mtendaji wa kata amembembeleza ameshindwa. "Anasema yeye ni mama. Njoo upesi, kabla hawajaleta askari."

Waisiko alipitia kwa Joel. Joel alikuwa akimngoja nje ya studio, na kitu alichotaka kumsikilizisha kilimfanya asimtazame usoni. Alikuwa ametafuta rekodi yenyewe, ile nzima ya siku ya kwanza, kabla haijakatwakatwa. "Sikujua kama bado ninayo. Sikiliza kwanza, halafu wewe ndiye uamue kama mama asikie au asisikie."

Walisikiliza ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mogesi anakohoa. Mogesi anacheka. Joel anasema, "Mura, umechelewa tena." Kisha Mogesi anauliza, karibu kabisa na maiki, "Kwani huyu ninayemwambia nakuja ni nani?"

Sauti ya Waisiko mwenyewe, changa, inajibu kutoka mbali: "Mpenzi wako."

"Sina mpenzi. Nitajifanya namwambia mama. Huwa ananingoja, yule, hata nikimwambia asingoje."

Waisiko alikuwa ameyasahau kabisa maneno hayo. Alikuwepo chumbani, aliyasikia, akacheka pengine, akayasahau. Alimwomba Joel amtumie rekodi ile kwenye simu yake, wakaondoka kuelekea shimoni.

Bernadetha alikuwa amekaa juu ya kifusi, miguu imeelekea shimoni, gauni lile lile la kanisani. Mashine kubwa ya njano ilikuwa imesimama nyuma yake, injini ikiunguruma, na dereva wake akitafuna mua. Watu walikuwa wengi, kimya. Shimo lenyewe halikuwa kubwa machoni. Mdomo wa mita chache tu, na maji ya kijani kwa chini. Waisiko alivua viatu akaenda akaketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunitoa?"

"Hapana."

"Wanasema kuna mtoto amekufa hapo pembeni. Nimemwona mama yake, yuko kule chini ya hema. Amenisalimia. Hajaniambia niondoke, lakini naona macho yake." Akavuta pindo la gauni kufunika magoti. "Mimi sikatai shimo lifukiwe. Lakini huyu anasema anakuja, na nyie mnafunga mlango. Akifika akakuta mlango umefungwa, atamwambia nani?"

Waisiko alikuwa na simu mkononi. Aliwaza kuirudisha mfukoni. Hakuna ambaye angejua. Kisha akawaza kwamba alishaamua mara moja juu ya sauti hii bila kumwuliza mama huyu, na yote yaliyofuata ndiyo haya.

"Mama, ninayo sauti yake nyingine. Hakuwa anaimba, alikuwa anazungumza tu. Inauma. Unataka uisikie?"

Bernadetha alinyoosha mkono. Alichukua simu akaibandika sikioni, ingawa ilikuwa kwenye spika, kama mtu anayepigiwa. Waisiko aliona uso wake ukisikiliza kikohozi, ukisikiliza kicheko. Mdomo wa mama ulianza kutabasamu wenyewe kabla hajaruhusu. Kisha yale maneno yakafika. Alisikiliza hadi mwisho, akasema irudiwe, akasikiliza tena.

Ndipo akaishusha simu mapajani, akainama kuelekea majini, akazungumza na shimo. Alizungumza kwanza kwa Kikurya, maneno mengi, mengine ya kufoka kama mama anayemfokea mtoto aliyechelewa kurudi na ng'ombe. Wanawake wa nyuma wakaanza kulia. Mwisho akasema kwa Kiswahili, polepole, labda ili na wengine wasikie:

"Usije, mwanangu. Kaa hapo hapo. Usihangaike na barabara tena. Nitakuja mimi."

Waisiko alimdaka gauni kwa mikono yote miwili. Kifusi kilimeguka chini ya kisigino cha mama, vijiwe vikaporomoka majini, pwa, pwa.

Bernadetha alimgeukia, macho makavu. "Niachie. Sijasema leo."

Wakasaidiana kuinuka. Mama alichota udongo kwa kiganja, akautupa shimoni kama inavyofanywa makaburini, akamwachia nafasi mama wa yule mtoto, naye akatupa. Watu wakajipanga. Mshereheshaji, aliyekuwa na ratiba mkononi, akamnong'oneza Waisiko kwamba spika ziko tayari na wageni wanasubiri wimbo.

"Siimbi," alisema Waisiko.

"Dada, mkuu wa wilaya yuko hapa."

"Namwona. Mwambie huu ni msiba."

Hakuimba mtu. Katekista alisali, mashine ikasukuma. Maji yalipanda yakageuka tope, tope likafunikwa na udongo mkavu. Kazi ile ilichukua muda mfupi mno kwa jinsi watu walivyokuwa wameihangaikia. Bernadetha alisimama hadi dereva alipozima injini, akamshukuru dereva, akaondoka.

Waisiko alimtembelea Kemambo baada ya mavuno ya mahindi. Alimkuta anapukuchua. Mbwa alikuwa amelala kivulini, na bodaboda ilipopita na ule wimbo alitikisa sikio moja tu, kama anayefukuza nzi.

"Haji tena," alisema Bernadetha. "Tangu siku ile. Amenisikia." Aliendelea kupukuchua, punje zikigonga beseni. "Sasa nyumba imekuwa kimya mno. Usiniulize kipi ni bora, mimi mwenyewe sijui. Ile sauti yake ya kuzungumza, unayo? Basi iweke kwenye hii simu yangu. Na ule wimbo uache kama ulivyo, usiutoe tena kitu. Wengine waliofukiwa nao wana mama wanaowangoja."

Hapo ndipo mambo ya Waisiko yalipochukua njia ambayo hakuipanga. Mtu fulani alikuwa amemrekodi Bernadetha pale shimoni, video ikasambaa, na watu wakajua kwamba anayejibu kwenye "Nakuja" ni mfu mwenyewe. Wengine walimtukana Waisiko, wakamwita mchawi, tamasha la Tarime mjini likafutwa. Lakini wengine walianza kumtumia sauti. Hii ni ya mume wangu, alifukiwa Geita, hakutolewa. Hii ni ya kaka yetu, alikwenda Mererani. Hii ni ya binti yangu, alikeketwa akavuja damu, alikuwa ananitumia hizi akiwa shule. Ziliingia kwenye simu yake asubuhi, mchana, akiwa kanisani. Hawakuomba pesa. Wengi walitaka awatie kwenye wimbo. Wengine hawakuomba chochote. Walitaka tu mtu mwingine asikie.

Teresia alimwambia azifute, atapata wazimu. Joel alimwambia asizifungue ndani ya studio. Waisiko hakumtia hata mmoja kwenye wimbo. Anaendelea kutunga, anaendelea kwenda Mugumu msimu wa ukeketaji unapokaribia, na akipanda jukwaani siku hizi anaanza kwa kuuliza kama kuna ndugu wa yeyote anayetajwa kwenye nyimbo zake. Lakini kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, anakaa barazani na chai ya rangi na kusikiliza zilizoingia. Anazisikiliza zote hadi mwisho. Kisha anamwandikia kila mtumaji neno moja, "Nimemsikia," na kwa kiasi fulani hilo limekuwa kazi yake kuliko kuimba.

Kuna moja iliyotoka Chunya, ambayo mtumaji wake hakuandika jina wala maelezo. Ni ndefu. Ndani yake kuna upepo, kuna mbuzi kwa mbali, na kuna mtu anayepumua karibu kabisa na simu, kama anayetafuta pa kuanzia. Hasemi kitu hadi inakatika. Waisiko ameisikiliza mara nyingi, ameongeza sauti hadi mwisho, amemsikilizisha hata mama yake. Bado hajaijibu; hajui kama anayepumua ni aliyefukiwa au ni anayemngoja.